JUA LIPO, LAKINI LIMEIFIKIA NGOZI?
Vitamini D na afya ya vijana wetu wanamichezo

  

Ijumaa ya leo, inshaallah, tuzungumze na wazazi wenye watoto wanaocheza mpira, wanaokimbia au wanaoogelea, na hasa wale wanaoambiwa kila mara kwamba binti anayejisitiri hawezi kuwa na mifupa imara. Neno hilo limewatisha baadhi ya wazazi, na wapo waliowaondoa mabinti zao michezoni kwa kudhani kwamba hapana budi kuchagua kati ya stara na siha. Kabla ya kulikubali au kulikataa, tuitazame elimu iliyopo.

Tuanzie Doha, mji mkuu wa Qatar. Usiku wa tarehe 27 Septemba 2019 marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ya riadha ilianza dakika moja kabla ya saa sita za usiku. Waandaaji walilikwepa jua la mchana, na hata hivyo joto na unyevunyevu wa usiku ule ulikuwa mkali kiasi kwamba kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Dada yetu kutoka Kenya ndiye aliyeshinda. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu linaonesha jinsi mwanamichezo wa Ghuba anavyoishi na jua: hulikimbia. Hufanya mazoezi usiku, hulala mchana, hutoka katika nyumba yenye kiyoyozi na kuingia katika gari lenye kiyoyozi, na humaliza wiki nzima bila ya ngozi yake kuguswa na jua la saa za mchana.

Miaka 9 kabla ya marathoni hiyo, mwaka 2010, madaktari wa Aspetar, hospitali ya tiba ya michezo iliyopo mjini humo, walichapisha matokeo ya vipimo vya damu vya wanamichezo 93, wengi wao wachezaji wa mpira wa miguu. Wanamichezo 91 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa vitamini D, yaani chini ya nanomoli 50 katika lita moja ya damu. Mwaka 2014 ukafuata uchunguzi mkubwa zaidi wa wachezaji wa kulipwa 342. Asilimia 84 hawakufikia nanomoli 75, kiwango ambacho baadhi ya madaktari hukiona kuwa ndicho cha kutosha, na asilimia 12 walikuwa chini ya 25, ambao ni upungufu mkubwa.

Msomaji na atulie hapa kidogo. Waliopimwa ni wanaume. Wanacheza kwa bukta na fulana. Wapo katika nchi ambayo jua lake linajulikana dunia nzima. Hawakuvaa buibui wala hawakuishi katika theluji, na bado damu zao zilikuwa na upungufu unaofanana na ule wa watu wa Ulaya ya kaskazini wakati wa baridi. Yeyote anayetaka kuibebesha hijabu lawama yote, na awajibu kwanza wachezaji hawa wa Doha.

Vitamini inayopikwa na ngozi

Vitamini nyingi tunazipata katika chakula. Hii ya D ina tabia ya pekee, kwa kuwa sehemu yake kubwa huzalishwa na mwili wenyewe. Ndani ya ngozi mna kitu cha jamii ya mafuta ambacho kikipigwa na mionzi ya urujuanimno, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, hugeuka na kuwa vitamini D. Kisha damu huipeleka katika ini, ambako hupata umbo ambalo ndilo linalopimwa hospitalini, na kutoka hapo huenda katika figo, ambako hupata umbo la mwisho lenye kufanya kazi. Kwa hakika umbo hilo la mwisho ni homoni kuliko vitamini, na jina la vitamini limebaki kwa sababu ya historia. Mtaalamu wa Marekani E. V. McCollum aliipa herufi ya D mwaka 1922 kwa kuwa A, B na C zilikwishatumika, na Mjerumani Adolf Windaus alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1928 kwa utafiti uliohusiana na vitamini hii.

Kazi yake iliyo wazi kabisa ni kuuwezesha utumbo kunyonya madini ya kalsiamu na fosforasi kutoka katika chakula. Mtoto akiikosa kwa muda mrefu mifupa yake hubaki laini na kupinda, ndiyo yale matege. (Si kila matege ni ya vitamini D, tuelewane. Katika baadhi ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro maji yana madini mengi ya floraidi, nayo yana athari yake katika meno na mifupa.) Mtu mzima akiikosa, mifupa humuuma, na misuli ya mapaja na mabega hulegea.

Sasa ngozi nyeusi. Rangi yetu, iitwayo melanini, ni mwavuli ambao Muumba ametupa dhidi ya jua kali, na mwavuli huo huzuia pia sehemu ya mionzi inayotengeneza vitamini. Ndiyo maana mtu mweusi huhitaji kukaa juani muda mrefu kuliko mweupe ili apate kiasi kilekile. Katika nchi zetu hilo kwa kawaida halina shida. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa hapa Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kile kiwango cha 50. Linalovutia zaidi ni kwamba watu hao hawakai wakijianika. Wana mavazi ya kiasi, na jua linapokuwa kali hutafuta kivuli cha mti. Siri yao ni kwamba siku zao hupita nje ya nyumba.

Lakini si Waafrika wote wanaoishi hivyo leo. Mapitio makubwa ya tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalikuta kwamba takriban mtu 1 kati ya 3 aliyepimwa alikuwa chini ya nanomoli 50. Watu wa mjini walikuwa na kiasi kidogo kuliko wa shamba, na wanawake kidogo kuliko wanaume.

Kivuli cha Alasiri

Hapa ipo nukta ambayo Mwislamu ataielewa upesi kuliko mtu mwingine. Si kila jua hutengeneza vitamini D. Jua linapokuwa chini, asubuhi na jioni, mionzi yake husafiri mwendo mrefu zaidi ndani ya hewa, na ile sehemu inayohitajika humezwa njiani. Wataalamu wa afya wametoa kipimo chepesi kisichohitaji chombo: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, ngozi inafanya kazi. Kikiwa kirefu kuliko wewe, kinachopatikana ni kidogo.

Nani kati yetu asiyekijua kipimo hicho? Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wakati wa Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiacha kile kivuli kilichokuwepo wakati wa jua la utosini. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta kivuli hicho cha mchana huwa kifupi, hivyo mipaka hiyo miwili, wa fiqhi na wa madaktari, karibu inakutana. Kwa lugha nyepesi, mionzi yenye faida hiyo hupatikana zaidi kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi, wakati Dhuha imeshakolea, mpaka kuingia kwa Alasiri.

Basi tuangalie ratiba ya kijana wetu anayecheza katika timu ya mtaa. Akishaswali Alfajiri anakimbia barabarani mpaka jua linapochomoza. Kisha anaingia darasani au ofisini. Akishaswali Alasiri, saa kumi hivi, anakwenda uwanjani na kucheza mpaka karibu na Magharibi. Kwa macho ya wazazi kijana huyu anashinda nje, ilhali nyakati zake zote mbili za mazoezi ziko nje ya saa ambazo kivuli ni kifupi. Hatusemi kwamba jioni haipati chochote, wala kwamba mazoezi yahamishiwe saa saba mchana, jambo ambalo lingemletea madhara ya joto. Tunasema tu kwamba jezi na uwanja wa wazi si ushahidi wa kutosha. Nusu saa ya mapumziko shuleni saa nne asubuhi, au mwendo wa miguu kwenda kuswali Adhuhuri msikitini, vyaweza kumfaa kwa jambo hili kuliko saa mbili za mazoezi ya jioni. Na kukaa nyuma ya dirisha hakusaidii, kwani kioo hupitisha mwanga na joto na kuizuia mionzi hiyo.

Hijabu, ua na ghorofa

Turudi kwa binti. Insafu inatutaka tukiri kwamba vazi zito huzuia karibu mionzi yote, na mwanamke anayefunikwa mwili mzima kila anapolikuta jua, asipate vitamini hiyo kwa njia nyingine, atapungukiwa. Mwaka 2000 madaktari wa Denmark waliandika habari za wanawake wa Kiarabu wenye kuvaa hijabu walioishi katika nchi hiyo ya baridi. Wengi walikuwa na upungufu mkubwa, na misuli yao ilikuwa dhaifu hata kabla mifupa haijaonesha dalili katika vipimo vya kawaida. Walipotibiwa kwa vitamini D kwa miezi kadhaa, nguvu za misuli zilirejea kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2009 watafiti wa Manchester, Uingereza, waliwapima wasichana 99 wa miaka 12 hadi 14 wasio na malalamiko yoyote ya afya, na wakakuta kwamba wale wenye vitamini D nyingi zaidi waliruka juu zaidi na kwa nguvu zaidi.

Lakini stara ya Kiislamu ina mipaka yake inayojulikana, na mbele ya maharimu wake na wanawake wenziwe, mwanamke hakutakiwa ajifunike kama anavyojifunika njiani. Wazee wetu wa Unguja, Lamu na Mombasa waliijengea hukumu hiyo nyumba. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ua nyuma, umezungushwa ukuta mrefu, na humo wanawake walifua, walianika, walitwanga na kusukana nywele, mikono na miguu ikiwa wazi, katikati ya mchana. Buibui lilikuwepo, lilivaliwa mtu anapotoka, nalo halikumnyima mtu jua kwa kuwa jua lilikuwa ndani ya nyumba yake.

Leo familia nyingi zinaishi katika ghorofa. Binti anatoka chumbani amejisitiri, anapanda gari, anashinda darasani, anarudi, na pale nyumbani ambapo angeweza kuvua mtandio juani, hapana ua wala roshani iliyositirika. Kwa maoni yangu, aliyebadilika ni jengo na si vazi, na dawa itafutwe katika jengo. Shule zetu za Kiislamu zinazojenga viwanja vya netiboli na mpira wa kikapu kwa wasichana zingefanya jambo jema kuvizungushia ukuta, na kuweka kipindi cha michezo saa nne badala ya saa kumi. Nyumba yenye dari tambarare yaweza kuwekewa uzio wa makuti au wa turubai. Na palipokosekana yote hayo kipo kidonge, ambacho tutakieleza punde.

Isisahaulike pia kwamba mlango wa mashindano umeshafunguliwa. Bodi ya kutunga sheria za soka duniani iliidhinisha rasmi vazi la kichwa mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu likafuata mwaka 2017. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, Ibtihaj Muhammad wa Marekani alitwaa medali ya shaba ya timu katika mchezo wa vitara akiwa na hijabu yake. Mchezo wake ni wa ndani ya ukumbi, na ukweli ni kwamba wanamichezo wote wa kumbini, wenye hijabu na wasio nayo, wamo katika kundi moja la watu wa kuangaliwa.

Faida yake kwa mwanamichezo, na mipaka yake

Katika jambo hili kuna maneno mengi ya biashara, hivyo tupime.

Kwa upande wa mifupa, mwenye kukimbia na kuruka kila siku hupiga kishindo kilekile mahali palepale, na mfupa usipopata nafasi ya kujijenga hutokea nyufa ndogondogo, hasa katika muundi wa mguu na unyayo. Uchunguzi wa askari vijana 756 wa Finland, uliochapishwa mwaka 2006, ulionesha kwamba waliokuwa na vitamini D kidogo ndio waliopata zaidi nyufa hizo. Mwaka 2008 matokeo ya jaribio la wanawake 5,201 waliojiunga na jeshi la maji la Marekani yalionesha kwamba waliopewa kalsiamu miligramu 2,000 na vitamini D yuniti 800 kila siku walipata nyufa hizo pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hilo ni jaribio la kweli, lenye kundi la kulinganisha, ingawa waliopewa walipata vitu viwili pamoja.

Kwa upande wa nguvu na kasi, habari ni za mchanganyiko. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha Liverpool John Moores walitoa matokeo mawili. Katika la kwanza, kundi dogo la wanamichezo wenye upungufu lilipewa yuniti 5,000 kwa siku kwa wiki 8, na wakakimbia mita 10 na kuruka vizuri zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Katika la pili, wanamichezo walipewa yuniti 20,000 au 40,000 kwa wiki kwa wiki 12, damu zao zikapanda, lakini nguvu zao hazikuongezeka. Na wale wachezaji 342 wa Qatar? Walipopimwa nguvu za mapaja, hakukuwa na uhusiano wa maana kati ya vitamini D ya damu na nguvu hizo. Aidha, mwaka 2015 uchunguzi mwingine wa Aspetar uliowahusu mamia ya wanamichezo haukuona kwamba wenye vitamini kidogo walikuwa na mifupa dhaifu. Ikumbukwe hapa kwamba imeonekana mara nyingi watu wenye asili ya Afrika wakiwa na kiwango cha chini katika kipimo cha damu, na papo hapo mifupa yao ikiwa mizito kuliko ya wengine. Kwa hiyo namba ya maabara peke yake haimhukumu mtu.

Lililo kubwa kuliko yote ni jaribio la Marekani lililohusisha watu wazima 25,871, ambalo matokeo yake kuhusu mifupa yalitolewa mwaka 2022. Kuwapa yuniti 2,000 kwa siku watu wenye afya ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu hakukupunguza kuvunjika kwa mifupa.

Ukiyaweka pamoja haya yote utaona kwamba vitamini D ni kama mafuta ya taa katika kandili. Ikikauka, utambi hufifia, na kuongeza mafuta huurudisha mwanga. Iliyojaa ukiimiminia zaidi haitoi mwanga wa pili, ila humwagika na kuchafua meza. Mwenye upungufu atibiwe. Asiye nao asitarajie mabao zaidi. Wala vitamini hii haimfidii binti asiyekula chakula cha kutosha kwa kuogopa unene, wala mwenye upungufu wa damu, wala anayelala saa nne kwa siku. Hayo ndiyo mambo ya kwanza kocha na mama wanapaswa kuyaangalia.

Mezani, dukani na katika mwezi wa Ramadhani

Chakula chenye vitamini D ni kichache. Kinachoongoza ni samaki wenye mafuta, kama vibua na jodari, kisha mafuta ya ini la samaki, ambayo wazee wengi wanakumbuka kulazimishwa kuyanywa wakiwa wadogo. Kiini cha yai kina yuniti 40 hivi tu. Kwa kuwa kiasi kinachopendekezwa na wataalamu wa Marekani kwa mtu wa mwaka 1 hadi 70 ni yuniti 600 kwa siku, sawa na mikrogramu 15, mtu angehitaji mayai 15. Uyoga ulioanikwa juani nao hutengeneza aina ya pili ya vitamini hiyo. Maziwa na siagi ya kopo huongezewa katika baadhi ya nchi, hivyo msomaji asome maandishi ya kopo lenyewe na asidhanie.

Ama vidonge, mzazi wa Kiislamu ana swali lake la haki: vimetengenezwa kwa nini? Vitamini D3 nyingi ya madukani hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, na nyingine hutokana na ini la samaki. D2 hutokana na hamira au uyoga. Penye mashaka hasa ni lile ganda laini la kidonge, ambalo mara nyingi ni jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya ng'ombe, ya samaki au ya nguruwe. Wanazuoni wana mjadala wao juu ya kitu kilichogeuka asili yake, na si kazi ya makala haya kuukata. Aliye na shaka amuulize sheikhe wake, na apate wepesi kwa kuchagua vidonge vikavu visivyo na ganda, matone ya maji, au bidhaa yenye alama ya halali. Vitu hivyo vipo na bei yake si kubwa.

Katika Ramadhani hapana haja ya mtu kuhangaika. Vitamini hii huyeyuka katika mafuta, hivyo hunyonywa vizuri inapoliwa pamoja na chakula chenye mafuta kiasi, na futari zetu za nazi zimetosha kwa hilo. Mwili huihifadhi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kumeza usiku badala ya mchana, au kukosa siku mbili, hakuharibu kitu. Mwanamichezo anayehamishia mazoezi yake yote usiku katika mwezi huo, kama wafanyavyo wa Ghuba, ndiye anayepaswa kukumbuka kupata jua la Dhuha.

Jambo la hatari ni sindano na vipimo vikubwa vinavyotolewa kiholela. Kuanzia umri wa miaka 9, kikomo cha kila siku bila ya usimamizi wa daktari ni yuniti 4,000. Anayepita hapo kwa muda mrefu huweza kujaza kalsiamu katika damu, na dalili zake ni kiu, kukojoa mara kwa mara, kutapika na kufunga choo, na mwisho wake figo huumia. Vitamini D yenyewe haimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, lakini kutundikiwa dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 bila ya sababu ya matibabu ya hospitali kumekatazwa, hata kama ndani yake mna vitamini tupu. Kijana anayeota kucheza timu ya taifa na alijue hilo mapema, na ajihadhari na makopo ya unga wa kuongeza nguvu yasiyojulikana yanakotoka, kwani baadhi huchanganywa na vitu vilivyokatazwa visivyoandikwa katika lebo.

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza hesabu ni nyingine. Kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la huko halitoi vitamini hii ya kutosha. Tangu mwaka 2016 ushauri wa serikali ya nchi hiyo ni kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10, yaani yuniti 400, kwa siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi au wanaojisitiri mwili karibu wote watumie mwaka mzima. Aliyezaliwa Tanga na sasa anaishi Leicester asitegemee jua la utotoni, kwani akiba ya mwilini haidumu hivyo.

Na watoto wetu wenye ualbino wasihusishwe kabisa na maneno ya kukaa juani. Ngozi yao haina ule mwavuli, na saratani ya ngozi ni adui wao wa kweli. Wao wabaki na kofia, mikono mirefu na kivuli, na daktari akiona haja awaandikie vidonge.

Lini mtoto apelekwe hospitali? Mwanamichezo anayeumwa mahali pamoja pa mfupa, ukipabonyeza kwa kidole anaruka, na maumivu yanazidi anapokimbia na hayaishi anapopumzika, asimamishwe mazoezi na apigwe picha. Mtoto aliyepita miaka mitatu ambaye matege yake yanaongezeka badala ya kunyooka, aonwe na daktari. Na mtu mzima, mara nyingi mama au bibi mwenye kukaa ndani, ambaye siku hizi hawezi kuinuka kutoka sijda mpaka aegemee mkono chini, au anayepanda ngazi kwa kujivuta, asiambiwe ni uzee tu. Udhaifu huo wa mapaja ndio ule waliokuwa nao wale wanawake wa Denmark. Kipimo chake ni cha damu, na tiba yake, kama tatizo ni hilo, ni ya miezi michache.